Ardhi Iliyochimbwa: Usiulize Majani, Uliza Udongo



Mwezi uliopita mfanyabiashara mmoja wa nafaka, msomaji wa ukurasa huu, alinipigia simu. "Bwana shamba, nimepata ekari 3 kando ya machimbo ya zamani ya dhahabu. Bei ni nusu ya mashamba ya jirani. Nyasi zimeota hadi kiunoni, na maji ya kisima yapo. Nataka kuweka bustani ya mboga. Nilipie?"

Nilimjibu, "Usilipie kwanza. Nipe siku chache nikuandikie."

Makala hii ndiyo jibu lake. Nimeiweka hapa kwa sababu swali hilo si lake peke yake. Vijiji vyetu vina mashimo ya kokoto, mashimo ya moramu yaliyoachwa baada ya barabara kujengwa, machimbo ya chokaa, na maduara ya dhahabu yaliyokwisha. Miaka inapita, mvua inanyesha, majani yanaota, na mtu anasema ardhi imepona. Je, imepona kweli? Mtu atajuaje? Ili kujibu, nitaanza na kosa langu mwenyewe, kisha nitawasimulia historia ya mahali pachache ambapo swali hili liliulizwa kabla yetu.

Kosa langu

Nilikuwa mgeni kazini, diploma yangu bado inanukia wino. Kikundi cha akina mama kiliniita kukagua ekari 2 walizopewa na kijiji. Palikuwa pamechimbwa moramu ya barabara miaka kadhaa nyuma. Nilikuta nyasi nzuri, vichaka vya hapa na pale, na mbuzi wanakula. Nilitembea nusu saa, nikatikisa kichwa kama mtaalamu, nikasema, "Hapa panafaa. Pandeni mahindi."

Walikopa kwenye VICOBA yao, wakanunua mbegu na mbolea. Mahindi yaliota, yakafika magotini, yakageuka rangi ya njano. Mvua ikinyesha maji yalituama, jua likiwaka wiki mbili shamba zima lilinyauka. Nilipochimba kwa jembe, jambo nililopaswa kufanya kabla ya mbegu kununuliwa, nilikuta udongo wa kina cha vidole vinne tu. Chini yake palikuwa pagumu kama sakafu, kwa sababu magari mazito yalipita hapo misimu mingi. Nyasi zilitosheka na vidole vinne. Mahindi hayakutosheka.

Deni walilipa kwa kuuza mbuzi. Hawakunigombeza. Mama mwenyekiti aliniambia neno moja tu, "Bwana shamba, wewe ulipatazama kwa macho, sisi tulipalima kwa mikono." Tangu siku hiyo sikagui ardhi iliyochimbwa bila jembe, na nilianza kusoma habari za watu waliowahi kuirudisha ardhi ya namna hiyo. Habari iliyonifunza zaidi ya zote iko jirani tu, katika pwani ya Kenya.

Bamburi: msitu uliokosa udongo

Kaskazini kidogo ya mji wa Mombasa kuna kiwanda cha saruji cha Bamburi, kilichoanza uzalishaji mwaka 1954. Mawe yake yalikuwa matumbawe ya kale, yaliyokuwa chini ya bahari zamani sana kabla ya bahari kurudi nyuma. Ili kuyapata, uoto na udongo wa juu uliondolewa, kisha mwamba ukakatwa hadi karibu na maji ya chini ya ardhi, ambayo yana chumvi. Palipochimbwa pakabaki uwanja mweupe wa mawe, unaochoma kwa jua, usio na udongo wala kivuli.

Mwaka 1971, miaka 17 baada ya kiwanda kuanza, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa akifanya kazi hapo, Rene Haller, alianza kujaribu kupanda miti katika uwanja huo. Hakuanza kwa kutangaza mradi mkubwa. Alianza kwa jaribio. Alipanda aina 26 za miti kwenye mashimo yaliyotobolewa mwambani. Baada ya miezi michache zilizobaki hai zilikuwa aina 3 tu, nazo ni mvinje, mnazi, na mti uitwao Conocarpus, ambao asili yake ni Somalia na kusini mwa Arabuni.

Hapa pana somo la kwanza. Aina 23 zilikufa, na kufa kwake kulikuwa taarifa. Mtu anayetaka kujua hali ya ardhi hupanda kidogo, husubiri, kisha huhesabu vilivyokufa. Sisi akina mama wale na mimi tulipanda ekari 2 zote kwa mkupuo, kwa fedha ya mkopo.

Mvinje ulishinda kwa sababu zake. Unastahimili chumvi. Tena mizizi yake ina vinundu vyenye vijidudu vinavyokamata naitrojeni ya hewani, kazi ileile inayofanywa na mizizi ya kunde na maharage. Kwa hiyo uliweza kuishi mahali pasipo na rutuba. Miche ikaongezwa kwa maelfu, na miaka michache baadaye uwanja mweupe ukawa na msitu. Mtu aliyepita barabarani miaka hiyo angesema kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Majani ya mvinje ni membamba kama sindano, nayo hudondoka mwaka mzima. Chini ya miti ile yalilundikana, yakakauka, yakakaa hivyohivyo bila kuoza. Yana tanini nyingi, ile dawa ya ukali iliyomo pia katika magome ya mikoko, na bakteria walishindwa kuyavunja. Kwa hiyo palikuwa na miti hai juu na zulia la majani makavu chini, lakini udongo haukuwepo. Mbegu ya mti mwingine ikianguka juu ya zulia hilo haina mahali pa kushika. Msitu ulikuwa wa kijani, lakini haukuwa na uwezo wa kuzaa msitu mwingine.

Aliyefungua njia alikuwa jongoo. Haller aliona jongoo wenye miguu myekundu, wale tunaowafahamu wakati wa mvua, wakila sindano za mvinje. Jongoo wengi wakakusanywa kutoka maeneo ya jirani wakaachiwa chini ya miti. Wao hutafuna jani kavu, na kinyesi chao ndicho bakteria na ukungu wanachoweza kukimalizia. Taratibu mboji ikaanza kujengeka juu ya mwamba. Mboji ilipokuwepo, miti mingine ya pwani ikaweza kupandwa na kustawi, na mingine ikaota kutokana na mbegu zilizoletwa na ndege na popo.

Waswahili husema mtupa jongoo hutupa na mti wake, maana ni mdudu asiyependwa hata na mwenye kumtoa nje. Pale Bamburi huyo asiyependwa ndiye aliyetengeneza udongo.

Mabwawa ya samaki yalichimbwa, wanyamapori wakaletwa, na mwaka 1984 sehemu ya machimbo hayo ikafunguliwa kwa wageni. Leo inaitwa Haller Park. Wengi wenu mlisikia habari za Owen, ndama wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akapelekwa huko akaandamana na kobe mzee aitwaye Mzee. Mwaka 1987 Haller aliorodheshwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira katika orodha yake ya heshima ya watu 500 duniani.

Nani shahidi wa kweli?

Ukienda huko leo utaona twiga. Watalii huwapiga picha na kusema, tazama, ardhi imepona hadi twiga wamerudi. Lakini twiga waliletwa na binadamu. Aliyeletwa na lori si shahidi wa kupona kwa ardhi, ni mgeni aliyealikwa. Shahidi ni yule aliyekuja bila kuitwa akakaa, kama mche ulioota wenyewe chini ya mti mkubwa, mchwa, ukungu kwenye jani linalooza, ndege aliyejenga kiota na kurudi mwaka uliofuata.

Tuwe wakweli pia kuhusu neno "kupona". Msitu wa Bamburi sio ule uliokuwepo kabla ya mashine. Ardhi yenyewe iko chini kuliko ilivyokuwa, na mti uliotangulia ni mwingine. Kwa hiyo kuna kupona kwa namna tatu. Ya kwanza ni usalama, yaani mahali hapadhuru mtu wala mifugo. Ya pili ni tija, yaani panaweza kuzaa kitu cha kuuza au kula. Ya tatu ni kurudi kwenye asili, yaani viumbe waliokuwepo wamerejea na wanaendelea wenyewe. Mahali panaweza kupata moja bila nyingine. Muuzaji wa ardhi akikuambia "imepona", muulize imepona kwa namna ipi.

Ua la shaba la Katanga

Bamburi palikuwa na bahati moja, kwamba jiwe la chokaa halina sumu. Penye madini ya metali hadithi hubadilika, na ushahidi mzuri unatoka kwa jirani zetu wa Katanga, huko Kongo, ambako nako Kiswahili kinazungumzwa.

Katanga watu waliyeyusha shaba karne nyingi kabla ya makampuni ya Ulaya kufika. Walitengeneza misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha. Kwenye vilima vyenye shaba nyingi miti mingi haioti, lakini yapo majani na maua madogo yanayostahimili shaba kiasi ambacho kingeua mmea wa kawaida. Watafuta madini waliyajua, wakayaita maua ya shaba, na penye maua hayo walichimba.

Watafiti wa mambo ya kale nao wakagundua jambo la ajabu. Ua mojawapo la aina hiyo liliota pia mahali ambapo hapakuwa na kilima cha shaba. Walipochimba walikuta mabaki ya tanuri za zamani za kuyeyushia shaba. Waliozijenga walikwisha kufa na kusahauliwa, lakini shaba iliyomwagika ilikuwa bado imo ardhini, na mmea ule uliijua.

Basi tazama. Mtu asiyejua angepita hapo akasema, "Maua mazuri, ardhi imepona." Kumbe maua yenyewe ndiyo dalili ya metali. Ukijani unaweza kuwa ushahidi wa afya, na unaweza kuwa ushahidi wa sumu. Jani peke yake halikuambii ni lipi.

Hesabu huanza msaada unapokoma

Nchi nyingine zilijifunza kwa uchungu mpaka zikatunga sheria. Agosti 1977 Marekani ilipitisha sheria ya uchimbaji wa makaa ya mawe wa juu ya ardhi. Mambo matatu ndani yake yanatufaa hata sisi wenye jembe la mkono.

La kwanza, udongo wa juu uondolewe peke yake, utunzwe, kisha urudishwe juu. Usichanganywe na kifusi cha chini. Udongo huo ndio wenye mbegu, mboji na wadudu. Ukishazikwa chini ya mawe, kuutengeneza upya ni kazi ya miaka mingi, kama tulivyoona Bamburi.

La pili, mchimbaji aweke dhamana ya fedha kabla ya kuchimba, naye hapewi yote mpaka uoto uliorudishwa umelinganishwa na kipimo kilichokubaliwa, kwa mfano eneo la jirani ambalo halikuchimbwa.

La tatu ndilo ninalolipenda zaidi. Mchimbaji anabaki na wajibu kwa miaka 5 mizima, na penye mvua ya milimita 660 kwa mwaka au pungufu, miaka 10. Hesabu ya miaka hiyo haianzi siku miti ilipopandwa. Inaanza baada ya mwaka wa mwisho wa kuongeza mbegu, mbolea au maji. Maana yake ni kwamba shamba linalonyweshwa na kuwekewa mbolea haliwezi kuhesabiwa kuwa limepona. Ni kama mgonjwa aliye kwenye dripu. Mtoe dripu kwanza, ndipo umtazame. Dodoma na maeneo mengi ya katikati ya nchi yetu mvua yake ni chini ya kiwango hicho, kwa hiyo miaka 10 ndiyo ingefaa kuwa akilini mwetu.

Hapa Tanzania Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na Sheria ya Madini ya 2010, pamoja na kanuni zake, nazo zinamdai mchimbaji kurekebisha ardhi, na wachimbaji wakubwa huwekewa sharti la dhamana ya fedha. Lakini mashimo mengi yaliyo vijijini ni ya zamani, au ya watu waliohama usiku. Hayana dhamana wala mwenyewe. Hapo mkaguzi wa mwisho ni wewe mwenye fedha mkononi.

Dhahabu: penye kunyamaza kwa udongo

Kwa machimbo ya dhahabu ya wachimbaji wadogo kuna hatari ambayo jembe halioni. Mawe yakishasagwa kwenye karasha, unga wake huoshwa kwenye mwalo, na zebaki huwekwa ili ikamate dhahabu. Kisha mchanganyiko huchomwa, zebaki hupaa kama moshi, na nyingine hubaki kwenye marudio, yaani ule mchanga uliokwisha kuoshwa. Baadaye wengine huyachukua marudio hayohayo wakayachenjua tena kwa sianidi. Mawe yenyewe ya dhahabu nayo mahali pengine yana aseniki, na mengine yakipigwa na hewa na mvua hutoa maji yenye tindikali, mekundu kama kutu.

Sianidi huvunjika kwa jua na hewa. Zebaki haivunjiki, ni elementi. Inahama tu kutoka mchangani kwenda kwenye tope la bwawa, na humo vijidudu huigeuza kuwa aina kali zaidi inayoingia kwa samaki na kwa anayekula samaki. Dunia ilijifunza hatari ya zebaki katika samaki huko Minamata, Japani, ambako mwaka 1956 wagonjwa waligunduliwa katika vijiji vya wavuvi karibu na kiwanda kilichomwaga maji yenye zebaki baharini. Bahari ilionekana ileile ya siku zote. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, umepewa jina la mji huo, na Tanzania ni mwanachama.

Nyasi zinaota juu ya marudio ya zamani, na mboga nazo zinaweza kuota. Udongo umenyamaza, haukuambii kitu.

Namna ya kuiuliza ardhi

Haya ndiyo ninayoyafanya sasa, na unaweza kuyafanya mwenyewe. Kila kipimo kifanye mara mbili, penye shimo la zamani na kwenye shamba la jirani lisilochimbwa. Bila jirani wa kulinganisha, namba haina maana.

1. Uliza wazee na waliofanya kazi hapo. Palichimbwa nini? Karasha ilikuwa wapi? Mwalo ulikuwa wapi? Marudio yalimwagwa wapi? Andika majibu, na yaingie kwenye makubaliano ya mauziano mbele ya uongozi wa kijiji.

2. Chimba shimo la kina cha goti mahali pasipopungua vitano. Tazama udongo wa juu una kina gani, mizizi inaishia wapi, na kama kuna tabaka gumu.

3. Pima unywaji wa maji. Toboa kopo la bati pande zote mbili, ligongelee ardhini kina cha vidole vitatu, mimina kipimo kimoja cha maji. Yakiisha, mimina tena kipimo kilekile na uhesabu dakika. Kama kwa jirani yanaisha dakika 10 na hapa nusu saa bado yapo, udongo umeshindiliwa.

4. Funua majani makavu. Yaliyo chini yawe meusi, yamevunjika, yana utando wa ukungu, yana wadudu. Kama yaliyo chini ni makavu kama ya juu, uko Bamburi kabla ya jongoo. Unaweza pia kuzika kipande cha kitambaa cha pamba tupu wakati wa mvua, kina cha kiganja kimoja, na kukifukua baada ya miezi 2. Penye uhai kitakuwa kimeliwa.

5. Hesabu waliokuja bila kuitwa. Miche iliyoota yenyewe ni ya aina ngapi? Kama ni nyasi ya aina moja tu au kichaka cha aina moja, hiyo ni dalili ya ugumu.

6. Panda kwenye makopo. Jaza makopo 5 udongo wa hapo na 5 wa jirani, panda maharage au mahindi, mwagilia sawa, usitie mbolea. Tazama wiki 4. Hasara yake ni mbegu za kiganja kimoja.

7. Kama palihusika dhahabu au metali yoyote, peleka maabara udongo na maji ya kisima. Chukua udongo wa juu wa sentimita 20 sehemu nyingi, kwa kijiko na ndoo safi ya plastiki, uuchanganye. Na hili lishike sana: kipimo cha kawaida cha udongo kwa ajili ya mbolea hakipimi zebaki wala aseniki. Lazima useme unataka metali hizo zipimwe. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ni mahali pa kuanzia kuulizia. Kwa rutuba ya kawaida, TARI Mlingano kule Tanga na chuo cha SUA wanapima.

Vipimo vya kwanza sita vikikataa na hakuna metali, usikate tamaa. Ardhi hiyo inahitaji muda, na muda unaweza kusaidiwa. Vunja tabaka gumu kwa sululu, weka samadi kwenye mashimo, panda marejea au fiwi uviache vioze hapo hapo, panda miti ya nguzo inayozoea mahali pako. Akina mama wale tulifanya hivyo pamoja. Msimu wa nne walivuna mbaazi, si nyingi, lakini za kuuza. Mahindi bado hatujayarudisha, na safari hii hakuna aliyekopa.

Jibu la mfanyabiashara

Rafiki yetu alifanya kazi nzuri. Alichimba mashimo, akapima maji, akapanda makopo. Jumatatu iliyopita alinitumia picha. Maharage ya makopo yote 10 yalikuwa mazuri, huwezi kutofautisha. Akaandika, "Bwana shamba, umeona? Nalipia kesho."

Nikampigia. Nikamuuliza kama aliongea na wazee. Akasema ndiyo, na mzee mmoja alimwonyesha palipokuwa na karasha mbili na mwalo, mita chache kutoka kwenye kisima anachotaka kumwagilia nacho.

"Basi makopo yako yamejibu swali la rutuba," nilimwambia. "Swali la zebaki hayajaguswa. Utauza mchicha kwa wenye watoto."

Alikaa kimya, kisha akasema muuzaji ana mteja mwingine na bei itapanda. Nikamwambia inaweza kupanda, na inaweza pia mteja huyo mwingine akawa msomaji wa ukurasa huu.

Sampuli za udongo na maji zimekwenda maabara. Fedha yake bado iko mfukoni mwake. Majibu yakija nitawaeleza hapa, yawe mazuri au mabaya, kama mwenyewe atakubali.

Mwenye ardhi ya namna hii kijijini kwake aje ofisini au aniandikie. Nitakuja, na safari hii nitakuja na jembe.